Jina Katika Daftari: Historia ya Fidia ya Ajali za Kazini, kutoka Mashamba ya Ruiru hadi Mijengo ya Membley

Historia ya fidia kwa watu walioumia kazini katika ukanda wa Ruiru na Thika ni historia ya swali moja ambalo kila kizazi kimelijibu kwa namna yake: mtu akivunjika mgongo, akikatika mkono au akifa akiwa katika kazi ya mwingine, hasara hiyo ibebwe na nani? Kwa muda wa zaidi ya karne moja jibu limehama kutoka kwa ukoo hadi kwa mfanyakazi mwenyewe, kisha kwa mwajiri aliyethibitika kuwa na kosa, na mwishowe kwa mwajiri yeyote, awe na kosa au asiwe nalo, kupitia bima anayolazimika kuikata. Anayeisoma historia hiyo katika vitabu vya sheria peke yake anaweza kuiona kuwa ni safari ya kupanda ngazi, kila sheria ikiwa bora kuliko iliyotangulia. Anayeisoma katika mashamba, viwanda na majengo ya eneo hili hukuta jambo jingine, nalo ni kwamba katika kila hatua fidia imewafikia kwanza wale ambao majina yao yaliandikwa katika daftari la mwajiri, na kwamba kibarua asiyeandikwa amebaki nje hata pale sheria ilipomhesabu kuwa wa ndani.

Membley, mtaa wa makazi ulioko kando ya barabara ya Thika katika eneo la Ruiru, kaunti ya Kiambu, karibu na pale barabara hiyo inapokutana na Eastern Bypass, unafaa kuwa kituo cha kuifuatilia historia hiyo. Nchi inayouzunguka mtaa huo ilikuwa kwanza ya mashamba makubwa ya kahawa, kisha ikawa jirani wa viwanda vya Thika na Ruiru, na katika miongo ya karibuni imekuwa ya viwanja vilivyopimwa, kuta za mawe na nyumba za ghorofa. Kila matumizi ya ardhi yalileta aina yake ya kazi, kila kazi ikaleta aina yake ya ajali, na kila ajali ikaipima sheria ya wakati wake.

Ukoo, mwajiri na sheria iliyobaki Uingereza

Kabla ya ajira ya mshahara kuingia, Wagikuyu walikuwa na utaratibu wao wa kulipia madhara ya mwili. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, anaeleza kwamba uhai wa mwanamume ulilipiwa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10, na uhai wa mwanamke mbuzi au kondoo 30, au ng'ombe 3. Deni hilo lilikuwa la jamaa nzima ya aliyeua, na haki ya kulidai ilikuwa ya jamaa nzima ya marehemu. Utaratibu huo haukuwa wa usawa, kama hesabu yenyewe inavyoonyesha, lakini ulikuwa na sifa mbili ambazo sheria zilizofuata zilichukua muda mrefu kuzifikia: haukumwacha aliyepata hasara aibebe peke yake, na haukudai cheti wala sahihi, kwa kuwa kila mtu alijulikana ni wa nyumba gani na wa ukoo gani. Ajira ya mshahara iliziondoa sifa zote mbili kwa pamoja, kwa maana mwajiri mzungu hakuwa wa ukoo wowote, wazee wa kiama, yaani baraza la wazee, hawakuwa na uwezo wa kumwita mbele yao, na mfanyakazi aliyetoka mbali kuja kuchuma kahawa alikuwa mgeni asiye na jamaa wa kumsemea.

Sheria iliyoletwa ilikuwa ya Uingereza, na hapa tarehe zina uzito mkubwa. Mahakama za Kenya zilielekezwa kufuata sheria ya hukumu ya Uingereza, yaani kanuni ambazo majaji wa huko walizijenga kesi kwa kesi, pamoja na sheria za jumla za Bunge zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Na agizo hilo lingali ndani ya sheria za Kenya hadi leo. Siku sita tu kabla ya tarehe hiyo, yaani 6 Agosti 1897, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria yake ya kwanza ya kumlipa mfanyakazi aliyeumia bila ya kumtaka athibitishe kosa la mwajiri, lakini sheria hiyo ilipangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1898. Haikuwa, basi, miongoni mwa sheria zilizokuwa zikitumika siku iliyowekwa kuwa mpaka. Kilichovuka bahari kikaja Afrika Mashariki ni zile kanuni za zamani ambazo Waingereza wenyewe walikuwa wameanza kuzikimbia.

Kanuni hizo zilikuwa ngumu kwa mfanyakazi. Mwaka 1837 mahakama ya Uingereza ilikuwa imeamua kesi ya mtumishi wa muuza nyama aliyeumia pale gari la kukokotwa lililopakiwa kupita kiasi lilipovunjika, ikamnyima fidia. Na kutokana na kesi hiyo likakua fundisho la kazi ya pamoja, yaani dhana kwamba anayekubali kazi amekubali pia hatari ya uzembe wa wenzake, hivyo hawezi kumdai mwajiri kwa kosa la mfanyakazi mwenzake. Pamoja na fundisho hilo zilikuwako kinga nyingine mbili za mwajiri: kwamba mfanyakazi aliijua hatari na akaikubali, na kwamba yeye mwenyewe alichangia ajali, hata kama mchango wake ulikuwa mdogo. Ujerumani ilikuwa imeachana na fikra ya aina hiyo tangu mwaka 1884, chini ya Bismarck, kwa kuwalazimisha waajiri wachangie bima ya ajali. Uingereza yenyewe iliendelea kuishi na fundisho la kazi ya pamoja hadi lilipofutwa na Bunge mwaka 1948.

Kipande, tikiti na debe

Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913 ikipitia Ruiru, na kahawa ikapata njia ya kwenda sokoni. Kaskazini ya Thika, upande wa Makuyu, mkonge ulikuwa umeshaanza kupandwa kabla ya hapo. Mazao yote mawili yalihitaji watu wengi kwa mishahara midogo, na serikali ya kikoloni ilijishughulisha sana na namna ya kuwapata watu hao na kuwazuia wasiondoke. Sheria za mabwana na watumishi za mwaka 1906 na 1910 zilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha, au kukataa amri halali ya bwana, kuwa kosa la jinai linalomfikisha mtu gerezani. Kwa upande wa mwajiri, wajibu ulikuwa wa makazi, chakula na dawa, yaani wajibu wa kumtunza mtu akiwa bado ni wa kazi. Aliyetoka kazini bila mkono hakuwa na sheria maalumu ya kumlipa mkono huo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja mfumo wa kipande, ambao ulimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kuanzia miaka 16 kuwa na cheti chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake na mshahara wake, kilichowekwa ndani ya kikasha cha chuma kilichovaliwa shingoni. Mashambani kulikuwa pia na tikiti, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambayo karani au mnyapara aliitia alama kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopangiwa, na mshahara ukalipwa tikiti ilipojaa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba koloni lilikosa uwezo wa kuandika nani anafanya kazi wapi, kwa nani na kwa malipo gani. Uwezo huo ulikuwepo, tena ulikuwa wa hali ya juu, lakini ulijengwa kwa ajili ya kumkamata aliyetoroka kazi, na ilipita karibu miaka 30 kabla ya uandishi wa aina hiyo kutumika kumlipa aliyeumia kazini.

Hata uandishi huo haukuwagusa wote. Wanawake na watoto, ambao msimu wa mavuno walikuwa sehemu kubwa ya wachumaji wa kahawa, hawakuwa na kipande, na malipo yao yalipimwa kwa debe, kwa maana ya kopo la bati la mafuta lililojazwa matunda mekundu ya mbuni. Kilichoingia katika hesabu ya shamba ni idadi ya madebe, wala si mtu aliyeyajaza. Harry Thuku na wenzake wa East African Association, walipoinuka mwaka 1921 na 1922 kupinga kipande na kupunguzwa kwa mishahara, walilalamikia pia kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba hayo. Malalamiko hayo yanakumbukwa zaidi kwa sababu ya watu waliopigwa risasi jijini Nairobi tarehe 16 Machi 1922. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na suala la kazi lenyewe, kwamba kulikuwa na watu wanaofanya kazi ambao hakuna mahali walipohesabiwa kuwa wafanyakazi.

Sheria ya fidia na mashine za Thika

Shinikizo la kubadili hali hiyo lilitoka pande mbili. Kutoka nje, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mwaka 1921 wa kuwapa wafanyakazi wa kilimo haki sawa na wengine katika sheria za fidia, kisha mikataba ya mwaka 1925 kuhusu fidia ya ajali, fidia ya maradhi yatokanayo na kazi, na usawa kati ya wenyeji na wageni. Kutoka ndani, vyama vya wafanyakazi vilivyoongozwa na watu kama Makhan Singh na Chege Kibachia, pamoja na migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 na 1947, viliwaonyesha watawala kwamba mfanyakazi Mwafrika hakuwa tena mkulima aliyepita kazini kwa muda mfupi kabla ya kurudi shambani kwake. Katika miaka ya 1940 Kenya ikatunga sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa Sura ya 236 ya sheria za nchi.

Msingi wa sheria hiyo ulikuwa mpya katika nchi hii. Mfanyakazi hakutakiwa kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea; ilitosha kuonyesha kwamba ajali ilitokana na kazi na kwamba ilitokea wakati wa kazi. Kiasi cha fidia hakikuachiwa huruma ya mtu, bali kilikokotolewa kutokana na mshahara wa aliyeumia na kiwango cha ulemavu kilichopimwa na daktari, na afisa wa kazi wa serikali ndiye aliyesimamia hesabu hiyo. Mfanyakazi aliyeamini kwamba mwajiri alikuwa na kosa aliachiwa pia njia ya kwenda mahakamani kudai zaidi, ila hakuruhusiwa kulipwa mara mbili kwa jeraha moja.

Hata hivyo kulikuwa na udhaifu ndani ya hesabu yenyewe. Fidia inayokokotolewa kutokana na mshahara hurithi dhuluma yoyote iliyomo katika mshahara huo. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilipangwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na familia, kana kwamba mke na watoto walilishwa na shamba la nyumbani. Kwa mantiki hiyo hiyo mjane wa mfanyakazi aliyekufa kazini alipewa fidia iliyotokana na mshahara ambao haukuwahi kumhesabu yeye wala watoto wake, wakati ambapo ndiye aliyekuwa akiihitaji.

Sheria hiyo ilifika wakati Thika ikigeuka kuwa mji wa viwanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya kusindika mananasi, kutengeneza makopo, kusokota na kufuma nguo na kutengeneza ngozi vilijengwa huko, hata mji ukaitwa Birmingham ya Kenya, na Ruiru ukapata viwanda vyake baadaye. Ajali za kiwandani zilikuwa tofauti na za shambani kwa kasi yake. Katika mashine ya korona, inayokwangua majani ya mkonge ili nyuzi zibaki, jani huingizwa kati ya mikanda inayolibana na kulipeleka kwenye gurudumu kubwa lenye visu butu linalozunguka kwa nguvu, na mkono unaosita kuliachilia jani huvutwa nalo. Katika kiwanda cha nguo ni mkanda wa mashine unaonasa shati, na katika kiwanda cha makopo ni bati lenye makali na mashine ya kubana inayoshuka kwa kipimo cha sekunde. Ndiyo maana sheria ya viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951 ilisisitiza kwamba kila sehemu ya mashine yenye hatari iwekewe kizuizi, na ikaweka wakaguzi wa serikali wa kulihakikisha hilo.

Sheria hizo mbili zilitegemeana, kwani ile ya viwanda ilikusudia kuzuia ajali na ile ya fidia ilimlipa aliyefikwa nayo. Lakini hazikuwa na mpaka mmoja. Sheria ya viwanda ilihusu kiwanda kama ilivyokielezea yenyewe, hivyo mchumaji katikati ya miti ya kahawa, au mpulizaji wa dawa ya wadudu, hakuwa chini ya mkaguzi yule yule aliyemlinda mwenzake ndani ya jengo la kumenyea kahawa katika shamba lile lile. Mpaka huo ulipanuliwa mwaka 1990 tu, sheria ilipotajwa upya kuwa ya viwanda na mahali pengine pa kazi. Katika muda huo wote ulinzi wa mfanyakazi wa shamba ulitegemea zaidi chama chake. Vyama vya wafanyakazi wa kahawa, chai, mkonge na kilimo kwa jumla viliungana mwaka 1963 kuwa chama kimoja cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, kinachojulikana kwa kifupi kama KPAWU, nacho kilijadiliana na waajiri kwa niaba ya wanachama wake, yaani, kwa mara nyingine, wale walioandikwa.

Mahakamani: kosa na uthibitisho wake

Kwa kuwa kiwango cha Sura ya 236 kilikuwa kidogo na thamani ya shilingi iliendelea kupungua, njia ya pili, ile ya mahakama, ikawa ndiyo njia kuu. Msingi wake ulikuwa uamuzi wa mwaka 1937 ambao Baraza la Mabwana la Uingereza liliutoa katika kesi ya kampuni ya makaa ya mawe ya Scotland, kwamba mwajiri ana wajibu wa kuweka wafanyakazi wenye ujuzi, vifaa vinavyofaa, na utaratibu salama wa kazi unaosimamiwa ipasavyo, na kwamba hawezi kujivua wajibu huo kwa kumkabidhi meneja. Majaji wa Kenya waliufuata mwelekeo huo, lakini walisisitiza pia upande wake wa pili. Katika uamuzi wa mwaka 1991 uliohusu kampuni ya kushughulikia mizigo bandarini Mombasa, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba Kenya haikuwa bado na dhima isiyo na kosa, kwa maana kwamba anayedai katika njia hii lazima aonyeshe uzembe wa mwajiri, hata kama jeraha lake ni la kusikitisha.

Kesi za aina hii zilijaa katika mahakama za mahakimu za miji ya viwanda, Thika ikiwa mmojawapo, na anayezisoma hukumu zake huona kwamba mara nyingi mabishano hayakuanzia kwenye uzembe. Yalianzia nyuma zaidi, kwenye swali kama mdai alikuwa kazini siku hiyo. Mwajiri alileta daftari la mahudhurio, lile ambalo karani huandika ndani yake majina ya waliofika kila asubuhi, akaonyesha kwamba jina la mdai halimo. Mdai akaleta cheti cha hospitali chenye tarehe ya jeraha. Mwajiri akamwita karani wa hospitali aeleze kama namba ya cheti hicho imo katika rejista yao. Baadhi ya vyeti vilikutwa kuwa vya uongo, na kesi hizo zikawapa waajiri na kampuni za bima hoja nzito. Lakini tatizo la msingi lilikuwa kwamba daftari lililotumika kumkana mfanyakazi lilikuwa mikononi mwa mwenye kukana, na aliyeachwa nje ya daftari kwa sababu alilipwa kwa siku hakuwa na karatasi ya kulijibu.

Sheria ya 2007 na mvutano uliofuata

Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilizipanga upya sheria za kazi kwa pamoja. Sheria ya usalama na afya kazini ilichukua nafasi ya ile ya viwanda, na sheria ya mafao ya majeraha kazini, ambayo wafanyakazi na mawakili wameizoea kwa jina la WIBA, ilichukua nafasi ya Sura ya 236 na kuanza kutumika Juni 2008. WIBA iliwahusu wafanyakazi wote isipokuwa wanajeshi, ikamtaka kila mwajiri akate bima, na ikamtaka aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba, au ndani ya saa 24 pale mtu anapokufa. Aliyeumia ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Kwa ulemavu wa kudumu, fidia hukokotolewa juu ya mapato ya miezi 96. Fundi anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi, ambaye daktari amempima ulemavu wa asilimia 20, huhesabiwa kwanza shilingi 1,920,000, yaani mapato yake ya miezi 96, kisha hupewa asilimia 20 yake, ambayo ni shilingi 384,000.

Badiliko lililozua ubishi lilikuwa kifungu cha 16, kilichofunga njia ya kwenda moja kwa moja mahakamani na kuyaelekeza madai yote kwa Mkurugenzi. Chama cha Mawakili cha Kenya kilipinga, na Machi 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho, ikavibatilisha vifungu kadhaa, kikiwemo hicho. Kesi zikaendelea kufunguliwa kwa mahakimu kama zamani, hadi Mahakama ya Rufani ilipougeuza sehemu kubwa ya uamuzi huo Novemba 2017, na Mahakama ya Juu ikalifunga suala hilo tarehe 3 Desemba 2019 kwa kuthibitisha kwamba madai yaanzie kwa Mkurugenzi. Waliokuwa na kesi zilizofunguliwa katikati ya mvutano huo wakajikuta mbele ya mahakimu waliosema hawana mamlaka tena, na wengi wao miezi 12 ya kwenda kwa Mkurugenzi ilikuwa imepita zamani. Aprili 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alitoa maelekezo kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa 2019 ziendelee mahakamani hadi mwisho. Kwa miaka hiyo yote gharama ya shaka ya sheria ililipwa na aliyeumia, kwa kuwa ndiye pekee asiyeweza kungoja.

Mvutano huo ulificha jambo ambalo lilistahili kuzungumzwa zaidi. Kwa maneno yake sheria ya 2007 ilikuwa pana kuliko zote zilizotangulia, kwani haikuuliza kama mtu ni wa shamba, kiwanda au nyumba. Lakini kila hatua yake inasimama juu ya karatasi. Bima hukatwa kwa idadi ya wafanyakazi waliotajwa na mishahara yao. Fomu ya kuripoti ajali hujazwa na mwajiri. Na mapato ya miezi 96 hayawezi kukokotolewa pasipo kumbukumbu ya mapato ya hata mwezi mmoja. Kwa aliyeandikwa, sheria ni rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Kwa asiyeandikwa, ni haki isiyo na mahali pa kuanzia.

Mjengo wa Membley

Ni katika hali hiyo ndipo Ruiru ilipogeuka kuwa mji wa ujenzi. Mashamba ya kahawa yaliuzwa na kugawanywa viwanja, barabara ya Thika ikapanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012, Eastern Bypass ikafunguliwa, na wakazi wa mji wa Ruiru wakaongezeka kutoka takriban 238,000 katika sensa ya 2009 hadi takriban 490,000 katika ile ya 2019. Membley na mitaa jirani ilijengwa nyumba kwa nyumba, na ghorofa kwa ghorofa, na watu wa mjengo, wengi wao wakilipwa kwa siku.

Mpangilio wa kazi katika mjengo wa kawaida unaeleza ugumu wote. Mwenye ploti humpa kazi mkandarasi, au fundi mkuu anayemwamini. Fundi mkuu huwaita mafundi wa mawe, wa mbao na wa chuma. Na kila fundi huja na vibarua wake, aliowachukua asubuhi hiyo langoni. Kibarua hupandisha karai la zege juu ya jukwaa la miti lililofungwa kwa misumari, na akianguka kutoka ghorofa ya tatu kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kusema kwamba mwajiri ni yule aliye juu yake au chini yake. Mjengo wenye watu wasiofika 20 haulazimiki hata kuwa na kamati ya usalama na afya, ambayo sheria inaidai pale watu wanapofika idadi hiyo. Mara nyingi jambo huishia kwa fundi kumpeleka majeruhi hospitali, mwenye ploti kutoa fedha za matibabu kwa wema wake, na wenzake kufanya mchango. Na kwa njia hiyo hasara hurudi kwa jamaa kama zamani, ila sasa ni jamaa za aliyeumia peke yao wanaolipa.

Sheria haikosi zana za kuukata mnyororo huo. Sheria ya ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huwa na haki za mfanyakazi wa mkataba, na kwamba mwajiri asipotoa mahakamani maandishi ya ajira yanayotakiwa, mzigo wa uthibitisho humwangukia yeye. Hili ni geuzo kubwa la historia iliyoelezwa hapa, kwa kuwa linalifanya daftari lisiloandikwa kuwa ushahidi dhidi ya aliyepaswa kuliandika. Malipo ya simu nayo yameleta kumbukumbu ambayo mwajiri hawezi kuifuta: taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kwamba namba ile ile ilituma kiasi kile kile kila Jumamosi ni tikiti ya siku hizi, yenye tofauti moja kubwa, kwamba mfanyakazi naye ana nakala yake.

Nchi jirani ya Tanzania ilichagua njia nyingine kwa kuanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wote wanauchangia na ambao humlipa aliyeumia bila ya kungoja kampuni ya bima ya mwajiri wake. Mfuko wa namna hiyo hupunguza ugomvi kati ya mtu na mwajiri wake, ingawa nao huanza na orodha ya wanaochangiwa, na kibarua wa Dar es Salaam asiye katika orodha yuko pale pale alipo mwenzake wa Membley.

Kwa hiyo jambo ambalo miaka zaidi ya 100 ya eneo hili inalifundisha si kwamba Kenya imekosa sheria za fidia. Serikali ya kikoloni iliweza kumwandika kila mwanamume hadi alama za vidole vyake ilipotaka kumzuia asiondoke shambani; serikali ya leo, ambayo haitoi kibali cha ujenzi bila michoro na ada, ina uwezo mkubwa zaidi wa kudai kwamba kibali hicho kiambatane na jina la mwajiri mmoja anayewajibika kwa kila aliyemo ndani ya mjengo, cheti cha bima ya WIBA, na daftari la kila siku ambalo kibarua anaweza kuliona na kupewa nakala yake. Gharama ya hatua hiyo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya jiwe na saruji, na manufaa yake yanajulikana tangu siku ambayo sheria ya kwanza ya fidia ilibaki Uingereza: kwamba nyumba, kahawa au kitambaa kisicholipia majeraha ya waliokitengeneza kimeuzwa chini ya gharama yake halisi, na tofauti hiyo imelipwa na mtu aliyekuwa na kidogo kuliko wote.